Mtoto Akikufuata Kwenye Mazoezi Sebuleni, Usimfukuze

Juzi dada mmoja wa Morogoro kanitumia ujumbe. Kwanza kanipongeza kwa picha zangu za mwezi huu (asante mpenzi, nimezihangaikia kweli), halafu ndiyo akaja kwenye hoja. Ana mtoto wa kiume wa miaka 7. Kila mama akitandika mkeka, mtoto naye huyo pembeni, anapiga pushapu, anataka na yeye anyanyue yale madumu ya maji ambayo mama anayatumia kama vyuma. Bibi mtu kaja juu: mtoto atadumaa, mifupa itakomaa kabla ya wakati, hatarefuka. Sasa dada anauliza, amwache au amfukuze?

Nilimjibu usiku uleule, lakini najua mko wengi wenye swali hili, maana sote tunaoutafuta huu mwili tunautafutia sebuleni. Ada ya gym kila mwezi nani anaiweza? Na hata ukiiweza, watoto unamwachia nani?

Binti yangu mkubwa alianza kunifuata akiwa na miaka 6. Sikumwita. Mimi nilikuwa nimehamisha meza, nimeweka simu juu ya stuli, natoka jasho na kitambi changu cha uzazi, yeye kaacha katuni kaja kusimama pembeni. Wiki chache baadaye akajipa kazi ya kunihesabia. Akiniona nimeanza kutetemeka kwenye skwati, anaruka: "Kumi, kumi na moja, kumi na mbili, ishirini! Mama umemaliza!" Nani angemfukuza mtoto wa namna hiyo?

Wifi yangu angemfukuza. Jumapili moja alikuja kututembelea, akamkuta binti kalala kifudifudi kajiinua kwa viwiko, mwili umenyooka kama ubao. Pale hakusema kitu, alikula wali wetu akaaga vizuri. Jioni ndiyo tukasikia sauti yake kwenye grupu la ukoo: eti namgeuza mtoto wa kike baunsa, eti kifua kitakuwa cha kiume, nani atamuoa. Mashangazi wakaweka vikaragosi vya kushangaa. Mume wangu akakaa kimya. Ile sauti ninayo hadi leo kwenye simu, sijaifuta na sifuti.

Basi nikatafuta majibu, kwa hasira kidogo, nakiri. Nilichokikuta ni kwamba bibi wa Morogoro na wifi yangu hawajaitunga hofu hii. Ina chanzo. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na ncha zake, na hizo ndizo zinazourefusha mfupa hadi atakapomaliza kubalehe. Zikiumia vibaya, mfupa unaweza kupinda au kuacha kukua. Lakini kinachoziumiza ni kuanguka, kupondwa, au kunyanyua mzigo uliomzidi kwa mtindo mbovu bila mtu wa kumwangalia. Pushapu haifanyi hivyo. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kimeeleza wazi kwamba mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa hayamzuii mtoto kukua. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchangamsha mwili, na angalau siku 3 kwa wiki iwemo shughuli ya kuimarisha misuli na mifupa. Misuli, wifi. Wasichana wamo.

Na kuna jambo linanichekesha mpaka leo. Hao hao wanaosema mtoto akinyanyua kitu atadumaa ndio wanaomtuma bombani na ndoo ya lita 20. Ndoo hiyo ikijaa ina kilo 20 na ushee, na inakaa juu ya kichwa na shingo ya mtoto wa darasa la nne. Sijawahi kusikia ukoo umeitisha kikao kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo jibu langu: mwache. Mwili wake mwenyewe unamtosha kuwa chuma. Askwati, aruke kamba, atambae kama dubu, apige pushapu kwa magoti. Kama anaweza kusikiliza maelekezo na kuyafuata, kwa wengi ni kuanzia miaka 7 au 8, unaweza kumpa kitu chepesi sana, chupa ya maji ya nusu lita kila mkono, aurudie mkao mara 8 hadi 15 bila kupinda mgongo. Mgongo ukipinda, chupa chini. Dumu la lita 5 la mama ni la mama. Wadogo zaidi ya hapo msiwapange chochote. Mwanangu mdogo ana miaka 4, "mazoezi" yake ni kunipanda mgongoni nikiwa nimelala, na kwa umri wake ndivyo inavyotakiwa: acheze, akimbie, mwongozo wa wadogo unataka dakika 180 kwa siku za kujimwaga tu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wenu mnapokosea mkidhani hatari iko kwenye mazoezi. Hatari iko kwenye vitu. Vile vyuma vya mafundi wa mtaani, makopo ya rangi yaliyojazwa zege na bomba katikati, mnaviacha vimesimama kona ya sebule juu ya marumaru. Mtoto akivivuta vinaangukia vidole. Ile mipira ya kuvuta ikichanika inapiga jicho. Na kwa wenzetu wenye uwezo walionunua mashine ya kukimbilia: mwezi Mei 2021 kampuni ya Peloton iliiondoa sokoni mashine yake ya Tread+ kule Marekani na kuwataka walionunua waache kuitumia, mashine takriban 125,000, baada ya mtoto wa miaka 6 kuvutwa chini ya mkanda na kufariki. Mashine ikiwaka, mtoto awe chumba kingine. Ukimaliza, chomoa waya ukutani, funguo yake ya usalama weka juu ya kabati, na kamba yoyote inayoning'inia ifunge.

Kitu kingine ni kichura. Hili limeniuma kuliko maneno ya wifi. Kuna siku nilimwambia binti, "Leo tuanze na kuruka kichura," akasimama, macho yakajaa maji, akaniuliza, "Mama, nimekosa nini?" Shuleni kwao kichura ni adhabu. Umechelewa, kichura. Umepiga kelele, pushapu. Mtoto kafundishwa kwamba mwili ukitumika umefanya kosa. Ilinichukua muda mrefu kumrudisha, na tulirudi kwa njia ya rede: soksi tulizozikunja kuwa mpira, mimi katikati nakwepa, wao wawili wananipiga. Ukitaka kujua kama una pumzi, chezeni rede na watoto. Kwa hiyo wazazi, nawaomba kwa heshima, msimpe mtoto pushapu kwa sababu kavunja glasi. Adhabu zipo nyingi, mnyime katuni.

Na midomo yetu. Mimi nilikuwa najipima kilo mbele yao kila asubuhi huku nikilalamika: tumbo hili, mapaja haya. Siku moja nikamsikia binti anamwambia mdogo wake asile andazi la pili, "utakuwa na kitambi." Miaka 4! Mizani sasa inakaa chumbani kwangu, na tukiwa sebuleni tunazungumzia nani kakaa muda mrefu kwa mguu mmoja, basi. Mkanda wa kubana tumbo usimfunge mtoto hata kwa mzaha wa picha. Chai za kupunguza mwili, unga wa kabla ya mazoezi, enaji za kwenye chupa, vyote hivyo si vya mtoto. Maji yanamtosha, na kwa joto la Dar mpe kabla hajaomba. Watoto wakinogewa hukumbuka maji wakiwa wameshalegea.

Kuhusu muda: wengi mnataka kuiga ratiba yangu ya zamani ya alfajiri. Msimwamshe mtoto. Hapa mjini gari la shule linapita saa 11 na kitu kuna giza, halafu wewe umwamshe saa 10 akaruke kamba? Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa jumla ya masaa 9 hadi 12 kwa siku. Sisi tulihamia saa 12 jioni, dakika 20, zikizidi ni kwa sababu wao ndio hawataki kuacha. Ukiona anagoma, mwache agome. Ukiona anakwenda huku anakuangalia usoni kama utakasirika, hapo tatizo ni wewe na ile video unayotaka kuirusha.

Wenye watoto wenye selimundu, msiige chochote hapa kabla ya kuzungumza na kliniki yenu. Wengi wao wanaweza kucheza, ila kwa mapumziko mengi, maji mengi, na bila kushindana. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu, isiwe ndani ya begi la shule. Na mtoto yeyote anayezimia katikati ya mazoezi, anayelalamika kifua, au anayeumwa goti au kisigino siku baada ya siku, hiyo si uvivu, mpelekeni hospitali.

Wifi, kama unasoma: wanao wakija likizo, waje na raba. Wakija na ndala wanateleza kwenye marumaru na mimi sitaki kesi na wewe.

Halafu waliouliza mkeka wangu wa mazoezi nimeununua wapi: sina mkeka. Lile ni kapeti la mlangoni, nimeligeuza upande wa chini kwa sababu lina mpira halitelezi. Ratiba ya tumbo itatoka wiki ijayo, ya watu wazima.