Mwanangu, kabla hujalipia vipimo vya mishipa ya damu

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya kwanza peke yangu na mara ya pili nikiwa na dada yako, nikaona kwamba jambo uliloniuliza halifai kujibiwa kwa simu huku mtandao ukikatika. Umesema umekuta kikaratasi kwenye sanduku lako la barua, hapo Ohio unapoishi, kinachotangaza kwamba watu watakuja na mashine zao katika ukumbi wa kanisa la mtaani kwenu, na kwamba kwa malipo yanayozidi dola 100 mtu atapimwa mishipa ya shingo, mshipa mkubwa wa tumboni, mzunguko wa damu miguuni na mapigo ya moyo. Umeniuliza mambo matatu: ulipie au usilipie, unitumie fedha na mimi nipimwe vivyo hivyo huku nyumbani, na lile la tatu, ambalo ulilitamka kwa sauti ya chini, kwamba lau marehemu baba yako angepimwa vipimo hivyo, angekuwa hai leo?

Naanza na hilo la tatu, kwa sababu naona ndilo lililokufanya ukiweke kikaratasi hicho badala ya kukitupa.

Baba yako hakufa kwa kukosa mashine. Alikufa na presha ambayo hakuna aliyempima, na mimi niliyekuwa muuguzi kwa miaka 26, niliyewafunga mkanda wa presha wajawazito wasio na idadi kila asubuhi, sikuwahi kumfunga yeye. Mwaka wake wa mwisho alikwenda zahanati mara tatu, mara zote kwa homa. Alipewa dawa za malaria, akarudi nyumbani, wala hakuna aliyemwambia akunje mkono wa shati. Maumivu ya kisogo aliyokuwa akiyalalamikia tuliyasingizia jua la bandarini. Siku ile alipotoka kuswali alfajiri kikombe kikamponyoka, mdomo ukaenda upande, na tulipofika hospitali mshale ulisimama kwenye 220 kwa 130. Picha ya kichwa aliyopigwa baadaye Dar es Salaam ilionyesha damu iliyovuja ndani kabisa ya ubongo. Ulikuwa na umri wa kuelewa lakini hatukukueleza, na kwa hilo naomba unisamehe.

Sasa sikiliza kwa makini, kwa maana jibu lako limo humu. Presha inapokaa juu kwa miaka mingi huzishupaza kuta za mishipa midogo iliyozama katikati ya ubongo, zikawa kama mpira uliochomwa na jua, hadi siku moja mmoja wao unapasuka. Mishipa hiyo ni myembamba mno na imejificha ndani ya fuvu, kwa hiyo mtu anayepitisha kipimo cha mawimbi ya sauti juu ya shingo haioni. Baba yako angeweza kulazwa kwenye kitanda cha ukumbi huo wenu, shingo yake ikaonekana safi, akapewa karatasi ya kumpongeza, na akaanguka mwaka uleule. Kipimo ambacho kingemfaa ni mkanda wa presha, ambao tulikuwa nao hata katika zahanati isiyo na umeme, na baada ya mkanda huo, kidonge cha kila siku.

Wala si habari ya nyumba yetu peke yake. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam, na walipoyalinganisha maeneo hayo kwa kuzingatia umri wa watu, Dar es Salaam ilikuwa na kiharusi karibu mara tatu ya Hai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima wapatao bilioni 1.4 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 79, walikuwa na presha ya juu, na kwamba karibu nusu yao hawajui. Neno hilo la kutojua ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu presha haiumi. Kisukari nacho huanza kimyakimya, na lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, ikizidi haimsumbui mtu hata kidogo.

Nije kwenye kikaratasi chako. Mimi siwapingi watu wanaopima. Maisha yangu yote nimepima. Lakini uchunguzi wa mtu asiyeumwa una masharti yake, na tulifundishwa hivyo tangu chuoni: ugonjwa unaotafutwa uwe unapatikana kwa watu wa aina yake, kipimo kiweze kuutambua bila kubabaisha, na ukishaonekana mapema pawe na tiba ambayo faida yake inazidi madhara yake. Tukiyaweka masharti hayo mbele, vile vipimo vilivyofungwa katika bei moja vinaachana kabisa, kila kimoja kinashika njia yake.

Kipimo cha mishipa ya shingo ndicho kinachotangazwa kwa herufi kubwa kuliko vyote, na ndicho ambacho jopo la wataalamu wa kinga la Marekani limekikataa waziwazi kwa watu wazima wasio na dalili. Walisema hivyo mwaka 2014 na wakarudia mwaka 2021. Sababu yao naiona ni ya haki. Kwa watu wasio na dalili, wenye mshipa uliobanwa vibaya ni takriban 1 kati ya 100 au pungufu, kwa hiyo wengi watakaoambiwa kwamba kuna kasoro watakuwa hawana shida kubwa, nao watapelekwa kwenye vipimo zaidi, na baadhi yao kwenye upasuaji wa kuusafisha mshipa huo. Upasuaji wenyewe, hata kwa mikono mizuri, huwaletea wagonjwa wachache katika kila 100 kiharusi kilekile walichokuwa wakikikimbia. Mtu aliyeingia ukumbini akiwa mzima anaweza kutoka hospitalini amepooza.

Haya nayasema kwa mtu asiye na dalili. Siku ukiona, wewe au mkeo, uso umelegea upande mmoja, mkono umeishiwa nguvu, maneno yanakokoteka au jicho moja limeingia giza, hata kama hali hiyo itapita baada ya dakika kumi na ukajiona mzima, usingoje wiki ya kanisani. Piga 911 papo hapo. Hapo daktari mwenyewe ataagiza mishipa ya shingo ipimwe, na kipimo kilekile kitakuwa na manufaa makubwa.

Kipimo cha miguu ni chepesi na hakina ubaya: hupimwa presha kwenye kifundo cha mguu, ikagawanywa kwa ile ya mkono, na jibu likiwa chini ya 0.9 hudhaniwa kwamba mishipa ya miguu imebanwa. Jopo lile lilisema mwaka 2018 kwamba ushahidi wa kumpima kila mtu asiye na dalili hautoshi. Ungekuwa mvutaji sigara, au una kisukari, au nyama ya mguu chini ya goti inakubana kila unapotembea na kukuachia ukisimama, ningekwambia umwombe daktari wako akupime. Umenihakikishia kwamba huna lolote kati ya hayo. Mapigo ya moyo yasikuumize kichwa sasa. Daktari anayekupima presha atakushika na mshipa wa mkono, na akihisi mapigo hayaendi sawa atakupeleka mbele.

Kipimo cha mshipa wa tumboni ndicho kilichonifanya nichukue karatasi ya pili, na humo simfikirii mtu mwingine ila mjomba wako aliyeko Leicester, Uingereza. Aota, yaani mshipa mkubwa unaotoka moyoni na kushuka tumboni, kwa kawaida una upana wa sentimita 2 hivi hapo tumboni. Kwa baadhi ya watu, hasa wanaume wazee waliovuta sigara, ukuta wake hulegea na kutanuka taratibu kama puto, bila maumivu, na ukipasuka wengi hufa kabla ya kufika kwa daktari wa upasuaji. Ndio uliomuua Einstein, yule mwanasayansi, mwezi wa Aprili 1955. Mwaka 1948 daktari alimfungua tumbo, akaukuta mshipa umevimba na kuuzungushia karatasi ya plastiki ili kuushikiza, kwa kuwa zama zile hapakuwa na njia iliyo bora kuliko hiyo. Leo ipo. Mshipa hutiwa mrija, ama kwa kufungua tumbo ama kwa kupitia mshipa wa kwenye nyonga, na asiyefikia kiwango cha kupasuliwa huangaliwa tu.

Hapa ushahidi ni mzito. Waingereza waliwagawa wanaume wapatao 67,800 wa umri wa miaka 65 hadi 74, nusu wakaitwa kupimwa tumbo na nusu wasiitwe, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba katika miaka 4 vifo vya ugonjwa huo vilipungua kwa takriban asilimia 42 katika kundi lililoitwa. Ndiyo maana Uingereza kila mwanamume anaandikiwa barua mwaka anaotimiza miaka 65, akapimwe bure, mara moja tu maishani ikiwa mshipa wake uko chini ya sentimita 3. Ukiwa kati ya 3 na 4.4 anaitwa kila mwaka, kati ya 4.5 na 5.4 kila baada ya miezi 3, na ukifika 5.5 anapelekwa kwa daktari wa upasuaji wa mishipa. Huko kwenu jopo linapendekeza kipimo hicho mara moja kwa wanaume wa miaka 65 hadi 75 waliowahi kuvuta sigara. Wewe una miaka 49 na sigara hujawahi kuitia mdomoni, kwa hiyo si chako.

Mjomba wako ana miaka 68, na sigara alizivuta miaka thelathini kabla ya kuziacha. Barua ile aliipata, mkewe ameniambia, akaitia kwenye droo akisema kwamba yeye hana tumbo bovu. Mimi nikimwambia atanijibu kwamba dada yake ameanza uuguzi wake. Wewe anakusikiliza tangu ulipokuwa mdogo. Mwambie kwamba mlango haujafungwa, kwa sababu mwanamume aliyevuka miaka 65 bila kupimwa anaweza kuwapigia simu mwenyewe watu wa mpango huo wa eneo lake akaomba nafasi. Hupakwa mafuta tumboni, hupitishiwa kifaa kwa dakika chache, na jibu huambiwa palepale.

Sasa wewe. Fedha hizo usiwalipe. Muone daktari wako wa kawaida, umwombe akupime presha, sukari na lehemu, kisha umwambie bila kuficha kwamba baba yako alikufa kwa kiharusi akiwa na miaka 58. Sheria ya bima ya mwaka 2010 ya huko inazitaka bima nyingi zilipie vipimo vya kinga ambavyo jopo lile limevipa alama za juu bila mwenye bima kuchangia. Presha imo, na sukari imo kwa mwenye miaka 35 hadi 70 aliyezidi uzito, nawe picha zako za Idi zimenionyesha kwamba umezidi. Sikusemi kwa kukuaibisha, nimekuzaa nakujua.

Sehemu ya fedha iliyobaki nunua mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko. Chagua mkanda unaolingana na mkono wako, kwa maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo. Kaa dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishanishwa, mkono ukiwa mtupu juu ya meza, usawa wa moyo; kahawa iwe imepita nusu saa na kibofu kiwe kitupu. Pima mara mbili, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima, uandike. Shirika la Afya Duniani hutumia 140 kwa 90, madaktari wa Marekani tangu mwaka 2017 wanaanzia 130 kwa 80, na kwa mtoto wa baba yako mimi ningeifuata hiyo ya pili. Ukiandikiwa dawa, imeze kila siku, na usiiache kwa kuwa unajisikia vizuri.

Kuhusu mimi, ahsante, baba, lakini usinitumie fedha hizo. Kwa mwanamke asiyewahi kuvuta sigara, ambaye hakuna wa damu yake aliyepata kuvimba mshipa wa tumboni, jopo lilelile linasema asipimwe mshipa huo. Presha yangu hupimwa kila nikienda kliniki ya mwezi, na wiki iliyopita ilikuwa 132 kwa 78. Kwa ajili ya kisukari changu, dada yako hunikagua nyayo kila Ijumaa, kidole kwa kidole, kwa kuwa macho yangu hayafiki tena huko chini. Ukitaka kunitumia chochote, nitumie vijiti vya kupimia sukari, kwa sababu hapa dukani huisha kabla ya mwezi kuisha.

Mpigie mjomba wako kabla ya Jumatano, kwa kuwa Alhamisi anasafiri. Na wewe nitumie namba zako za wiki ya kwanza, zote mbili, ya juu na ya chini, kama zilivyo, bila kuchagua zile nzuri.

Nakuombea heri,

Mama yako