Mwili Ukikataa Tendo, Msisingizie Jini Mahaba

Wiki hii msomaji wa Ngaramtoni, Arusha, ameniandikia: "Dada, mume wangu nampenda, lakini akinisogelea mwili wote unakaza. Wameniombea, wanasema nina jini mahaba." Nimelia. Hayo yalikuwa maisha yangu hapa Moshi.

Nililelewa kwa ndugu. Kipigo na matusi kila siku, na usiku mambo ambayo siyaandiki hapa. Kiwewe cha namna hiyo, kinachojirudia mahali usipoweza kukimbilia kokote, mara nyingi ndicho huleta hali ambayo Shirika la Afya Duniani limeitenga na kiwewe cha kawaida katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika 2022. Kinakuachia aibu na kujiona hufai. Kwenye unyumba, misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayozunguka uke, inajikaza yenyewe, tendo linauma. Mwingine haumii, ila akili inahama. Mimi nilikuwa nahesabu mbao za dari mpaka yaishe.

Kilichonichoma zaidi ni hospitali moja nilikoenda kupima saratani ya mlango wa kizazi, kile kipimo cha kupakwa siki na kusubiri kama dakika moja. Kifaa kiligusa tu paja, magoti yakajifunga. Nesi akasema kwa sauti: "Kwa mumeo mbona unatanua?" Nikavaa, nikaondoka. Wanawake wangapi hawarudi kupima kwa maneno kama hayo?

Mwezi uliopita nimepima! Kabla ya kupanda kitandani nilimwambia nesi: "Niliwahi kuumizwa. Nikisema acha, uache." Akakubali, akaniacha nikiingize kifaa mwenyewe, taratibu. Nilitoka pale kifua mbele.

Kwa hiyo dada zangu, semeni mapema. Si lazima ueleze kisa chote. Tendo likiuma, simamisha, kwa sababu kuvumilia maumivu kunaufundisha mwili kukaza zaidi. Anza kwa daktari aangalie kama kuna fangasi au maambukizi mengine, kisha ulizia hospitali ya rufaa, kama KCMC ya hapa Moshi, mshauri wa saikolojia na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi) anayeijua misuli ya nyonga. Maombi endelea nayo, mimi pia nasali, lakini kliniki nenda.

Na ninyi akina baba, mke akisema "ngoja" hajakudharau. Msindikize kliniki, ukae naye kwenye benchi, na mkirudi nyumbani usimdai.