Saadani Pasaka hii na IST? Usitume hela bado

Mkuu wa Uyole, simama hapo hapo. Umeandika wakala amekuhakikishia barabara iko safi, unataka kutuma advansi leo mwende na IST, gari dogo la chini, mkalale lodge ya mazingira Saadani, ile hifadhi ya pwani, na unauliza kama sola inachaji simu na kama watoto wataogelea. Hela isitoke.

Sisi wa Nyanda za Juu ni rahisi kudanganyika, maana mvua yetu inaanza Novemba, na ikifika Aprili tunaiona inaelekea kukata. Pwani masika ni Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo yamekolea. Udongo wa kule sehemu nyingi ni ule mweusi wa mbuga: ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka haizunguki. Lodge nyingine hufunga kabisa msimu huo.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo: "Gari ndogo inafika mpaka mlangoni, kila kitu kimo kwenye bei." Tukashuka Kitonga, tukapita Mikumi, Chalinze, tukakunja Mandera. Mbele ya Miono gari likakaa. Usiku wa kwanza tuliolipia lodge tuliulala garini, watoto wanalia mbu. Asubuhi trekta ikaja kutuvuta, na mwenye trekta anataja bei akijua huna pa kwenda. Getini tukakuta kiingilio cha hifadhi ni malipo mengine kabisa, kwa saa 24, kila kichwa, na gari nalo, na hawapokei taslimu. Nikampigia wakala. Akanijibu mvua ni ya Mungu. Sawa, mvua ni ya Mungu, ila hela aliyokula ilikuwa ya viazi vyangu, na ile "kila kitu kimo" aliitamka yeye!

Usilipe hata shilingi kabla hujaongea wewe mwenyewe na dereva wa lodge. Siyo wakala, siyo wa mapokezi. Dereva ndiye anayekwenda kuchukua mahitaji, muulize wiki hii amepita wapi na kwa gari gani. Halafu lodge wakuandikie kwenye meseji: wako ndani au nje ya hifadhi, kiingilio kimo au hakimo, na njia ikikatika hela inarudi vipi. Wakigoma kuandika, achana nao. Ukiweza kusubiri, nenda Juni hadi Septemba.

Sola inachaji simu. Tochi usiku ufukweni msiwashe, kasa hutaga pale na mwanga unawapoteza vifaranga wao.

Jina la wakala wako nitumie kwa ujumbe binafsi, nataka nijue kama ni yule yule.