Jibu: Watoto na hewa isiyoonekana

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utawaonyeshaje watoto wa darasa la nne kwamba hewa ni kitu, na shule haina maabara. Maabara ya nini? Tafuta beseni la maji, glasi na kipande cha gazeti.

Finyanga gazeti, libane kwenye kitako cha glasi lisidondoke. Pindua glasi, izamishe wima mpaka chini, kisha itoe. Gazeti kavu! Hapo usikimbilie kueleza, waache wabishane. Kwangu mmoja alidai nimelipaka mafuta. Nikampa glasi ajaribu mwenyewe; akaiinamisha kidogo majini, mapovu yakatoka kwa fujo, gazeti likalowa chapachapa. Akanyamaza, halafu: "Kumbe hewa ndiyo ilikuwa inazuia maji." Sikuwa na la kuongeza.

Siku ya pili chukua chupa tupu ya plastiki, mimina maji ya moto kidogo (wewe, si watoto), tikisa, mwaga, funga kizibo haraka. Imwagie maji baridi. Itabonyea yenyewe: hewa ya ndani imepoa, mvuke umerudi kuwa maji, mgandamizo umepungua, na hewa ya nje inasukuma.

Ila yale maonyesho ya pale Kayabwe, Uganda, kwenye ikweta, ambapo maji ya beseni yanadaiwa kuzunguka upande mmoja kaskazini ya mstari na upande wa pili kusini yake kwa sababu ya mzunguko wa dunia, usiwape kama sayansi. Beseni lile ni dogo mno kuathiriwa na mzunguko wa dunia. Maji hufuata tu jinsi yalivyomiminwa.