Muulize Fundi: Imeji ninayo, mbona podi inagoma?

SWALI: Mambo fundi. Niko Moshi, Majengo, naandika bakendi ya ofisi ya jamaa anayepandisha watalii mlimani. Sevisi ziko tatu, ya buking, ya malipo na ya kutuma meseji, halafu kuna Postgres, ndo databesi. Bosi kasema tunahamia Kubernetes, ule mfumo wa kuendesha programu zikiwa kwenye kontena, nikaona niizoee kwanza kwenye laptopu yangu, Ubuntu, RAM GB 8. Nikaweka kind, programu inayounda klasta ya Kubernetes (kundi la mashine, kila moja inaitwa nodi) ndani ya kompyuta moja, nodi tatu kama nilivyoona kwenye video, sasa podi zote (ndimo kontena za sevisi zinakaa) zinaandika ImagePullBackOff, yaani imeshindikana kuvuta imeji, na mashine inaganda mpaka mausi haisogei. Imeji, yaani vifurushi vya programu ambavyo kontena zinaundwa kutoka humo, ninazo, nikipiga docker images naziona kabisa! Na bando linakwisha kama maji.
Chalii wa Majengo

JIBU: Chalii, hapo una matatizo mawili yasiyohusiana, usiyachanganye.

Tuanze na imeji. kind inachukua nodi nzima ya klasta inaiweka ndani ya kontena la Docker, na ndani ya hilo kontena kuna containerd, programu inayoendesha kontena, yenye stoo yake ya imeji. Haichungulii stoo ya Docker ya nje hata siku moja. Kwa hiyo unachokiona kwa docker images kipo kwenye laptopu, kwenye nodi hakipo, podi ikikosa inaenda kukitafuta Docker Hub, ghala la imeji mtandaoni, na huko hukukiweka, ndo inagoma. Dawa yake:

kind load docker-image buking:v1

Kama klasta uliipa jina lako mwenyewe ongeza --name na hilo jina. Ukitaka kuhakikisha imeingia piga docker exec kind-control-plane crictl images, utaiona imekaa kama docker.io/library/buking, hiyo ni sawa, usishtuke.

Na hapa wengi wanaumia: usitumie tegi (jina la toleo, kama v1 hapo juu) ya latest. Ukiandika latest, au usipoandika tegi kabisa, na imagePullPolicy (mpangilio wa lini imeji ivutwe) hujaigusa, Kubernetes inajiwekea Always, maana yake hata kama imeji umeshaipakia yenyewe inakwenda tu kuulizia mtandaoni na unabaki palepale na ImagePullBackOff yako unadhani kind ni mbovu. Weka v1, kesho v2, basi.

Sasa kuganda. Nodi tatu kwenye GB 8 za nini? Kila nodi ina programu zake za kuiendesha, kubelet yake, containerd yake, kube-proxy yake, na zote zinanyonya RAM ileile moja, halafu laptopu ikizima zote tatu zimezima, hakuna ulichopata. Video zinapenda nodi tatu kwa sababu zinapendeza kwenye skrini. Piga kind delete cluster, kisha kind create cluster bila faili lolote la konfigi, unapata nodi moja, sevisi zako tatu zinatosha humo. Ila kabla hujafuta, kama kuna data ya maana kwenye hiyo Postgres itoe kwa pg_dump, maana klasta ikifutwa na diski zake zinakwenda nayo. Halafu kila sevisi iwekee limiti ya memori. Ikizidisha itauawa utaona OOMKilled, kodi 137, afadhali hivyo kuliko mashine nzima kuganda.

Bando: usifute klasta kila jioni. Imeji ulizovuta ndani ya nodi zinafutwa na nodi, kesho unazivuta tena kwa hela. Jioni piga docker stop kind-control-plane, asubuhi docker start. Postgres ivute mara moja kwa docker pull halafu ipakie kwa kind load kama zako. Na kama kuna rafiki ana faiba, mwambie akufanyie docker save, akupe faili kwenye flashi, wewe unapiga docker load. Flashi haijawahi kuisha bando.

SWALI: Habari kaka fundi. Sevisi yangu kabla ya klasta ilikuwa inaongea na databesi vizuri tu kwa localhost:5432, sasa nimeiweka kwenye podi inasema connection refused. Databesi iko hai, nimeangalia, Running.
Dada wa Njiro, Arusha

JIBU: Dada, localhost ndani ya podi ni podi yenyewe, na humo Postgres haipo. Tengeneza Service ya databesi (hii ni ya Kubernetes, inaipa podi jina la kupigiwa, si sevisi uliyoandika wewe), iite postgres, kisha kwenye sevisi yako andika postgres:5432. Kama ziko neimspesi tofauti (vyumba vya kuigawa klasta), andika postgres.data, yaani jina la Service, nukta, jina la neimspesi. Ukitaka kuichungulia databesi kutoka kwenye laptopu, kubectl port-forward svc/postgres 5432:5432, na hiyo terminali usiifunge.

SWALI: Ofisini kwetu Ngarenaro kuna desktopu ya zamani imekaa bure, naweza kuifanya klasta ya majaribio ya timu nzima? Umeme unakatika sana.
Mdau

JIBU: Unaweza, ila hapo achana na kind, weka k3s, Kubernetes nyepesi. Ni faili moja lisilofika MB 100, linajiweka kama sevisi ya systemd (msimamizi wa programu kwenye Linux), umeme ukirudi na mashine ikiwaka lenyewe linainuka bila mtu kugusa. Badala ya etcd, databesi ya kawaida ya Kubernetes, linatumia SQLite iliyo nyepesi, na Traefik ya kupokea trafiki inakuja humohumo. Ukiweza tafuta na UPS, hata ndogo, diski hazipendi kuzimwa ghafla. Ugonjwa wa imeji wa Chalii utakupata na wewe, dawa yako ni hii:

docker save buking:v1 | sudo k3s ctr images import -

Na kama ufw (ukuta wa usalama wa mtandao wa Ubuntu) imewashwa fungua poti 6443, pia ruhusu 10.42.0.0/16 na 10.43.0.0/16, ndo mitandao ya podi na ya Service. Usipofanya hivyo podi zitawaka zote kijani halafu haziongei.