Nimerudisha kilo tatu na nusu baada ya Krismasi: je, jitihada zangu zimepotea?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mama wa miaka 43, ninaishi Majengo hapa Moshi na nina duka la vitambaa karibu na stendi kuu. Urefu wangu ni sentimita 162. Mwezi wa saba nilikuwa na kilo 94 na presha ya 148 kwa 92, nikaanzishiwa dawa na kushauriwa nipunguze uzito. Niliacha soda, nikapunguza wali na chapati, nikawa natembea alfajiri, na kufikia katikati ya Novemba nilikuwa na kilo 85. Kuanzia hapo mizani iligoma kwa wiki tano, ingawa sikubadilisha kitu. Tarehe 19 Desemba nilipima 85.2 kwenye zahanati, na presha ilikuwa 132 kwa 84. Tukapanda Rombo kwa Krismasi, na tarehe 3 Januari nilipopima kwa kijana wa mizani pale stendi nikakuta 88.6. Kule nyumbani nilivunja utaratibu siku ya kwanza tu, nikasema basi, nitaanza upya Januari. Sasa moyo umekufa. Je, mwili umeshazoea na hautapungua tena? Nitumie chai ya kupunguza tumbo aliyonishauri jirani, au niache tu?

JIBU: Nakushukuru kwa kuleta swali lenye tarehe na vipimo, kwa sababu vipimo hivyo ndivyo vitakavyokutetea. Nitangulize sahihisho dogo: mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, na tofauti hiyo itakuwa na maana tutakapofika kwenye dawa yako ya presha.

Tuanze na zile kilo 3.4. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba nishati ya takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo ili uongeze kilo 3.4 za mafuta matupu kwa siku 15 ingekulazimu kula zaidi ya mahitaji yako kwa kilokalori 1,700 na ushei kila siku, bila kupumzika hata siku moja. Kwa mwanamke wa uzito wako hiyo ni karibu sawa na kula chakula cha watu wawili kuanzia tarehe 19 hadi tarehe 3. Sisemi hukula sana. Nasema hesabu haielekei kufika huko. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni maji. Ini na misuli huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ghala hilo likijaa hubeba takriban nusu kilo ya glaikojeni, ambayo pamoja na maji yake hukaribia kilo mbili. Wewe ulikuwa umepunguza wanga kwa miezi kadhaa, ghala likiwa nusu, kisha ukakutana na machalari na kiburu vya ndizi, wali wa sikukuu na pombe ya mbege, likajaa ndani ya siku chache. Ongeza chumvi ya nyama choma na supu, ambayo nayo huzuia maji mwilini, na chakula ambacho bado kilikuwa tumboni.

Halafu kuna mizani yenyewe. Kipimo cha kwanza ni cha zahanati, cha pili ni cha kando ya barabara, na nadhani ulipima ukiwa na viatu baada ya kufungua duka na kunywa chai. Mizani mbili tofauti zinaweza kupishana kwa kilo nzima bila mtu yeyote kukosea, na kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, siku za kuikaribia zinaweza kuongeza maji ya kilo moja au zaidi. Makadirio yangu ni kwamba mafuta uliyoongeza hayazidi kilo moja au moja na nusu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000, uliowafuatilia watu wazima 195 katika kipindi cha sikukuu za mwisho wa mwaka, ulionyesha kwamba waliongezeka kwa wastani wa gramu 370 tu, ingawa wengi wao waliamini wameongezeka zaidi. Habari mbaya ya utafiti huo ni kwamba kiasi hicho kidogo hakikutoka baadaye, kikabaki kikisubiri Krismasi iliyofuata.

Kuhusu zile wiki tano za kukwama, unasema hukubadilisha kitu, na hapo ndipo penye jibu. Wewe hukubadilika, lakini mwili uliokuwa ukiulisha ulibadilika. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo tunaitumia kukadiria nishati ya mwili uliopumzika, mwanamke wa umri na urefu wako mwenye kilo 94 huhitaji takriban kilokalori 1,575, na akiwa na kilo 85 huhitaji 1,485. Ukijumlisha shughuli za mchana, tofauti hufika 120 au zaidi kidogo kwa siku, ambayo ni sawa na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia. Juu ya hayo, mwili unaopungua hubana matumizi yake zaidi ya vile uzito peke yake unavyoeleza. Kwa hiyo mlo uliokupunguza ukiwa na kilo 94 unakaribia kuwa mlo wa kukushikilia ukiwa na 85. Mwili haukugoma, na neno "umezoea" ni kweli kwa maana hii tu: unahitaji marekebisho madogo, na hauhitaji kufungiwa chakula. Pia nakuomba uchunguze kijiko chako bila kujionea aibu, kwa kuwa mafuta tuliyoyapima mwezi wa saba kwa kawaida huwa tunayamimina kwa macho ifikapo mwezi wa kumi na moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko mizani, nalo ni ile sentensi yako: "nilivunja siku ya kwanza tu, nikasema nitaanza upya Januari." Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na ni ushauri mzuri kwa mtu aliyeanza kujenga nyumba, lakini kwa mtu anayepunguza uzito ni ushauri wa hatari. Wanasaikolojia Peter Herman na Janet Polivy walitumia miaka mingi kuchunguza tabia hii: watu wanaojibana kula, wakishaamini kwamba wamevuka mpaka, hula zaidi kuliko wale ambao hawakuwa na mpaka wowote, kwa sababu siku kwao imeshaharibika. Sahani ya Rombo ya jioni ya kwanza ilikugharimu kidogo sana, pengine chini ya gramu 150 za mafuta. Kilichogharimu ni uamuzi kwamba siku zilizobaki hazihesabiki. Laiti asubuhi ya pili ungekunywa chai yako isiyo na sukari na kutembea hadi kwa shangazi, tusingekuwa na mazungumzo haya. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 kuwa ya kujiendea yenyewe, na kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mchakato huo kwa kiasi cha kuonekana.

Najua pia, kwa kuwa nimekulia huku, kwamba kupanda nyumbani Desemba si likizo ya lishe. Kukataa bakuli la mtori mbele ya mama mkwe ni sawa na kumkataa yeye. Na kuna yule atakayekutazama na kusema, "Umepungua, vipi, unaumwa?" Katika jamii ambayo unene umekuwa alama ya kutunzwa vizuri, swali hilo huwarudisha watu wengi nyuma kuliko njaa. Nakushauri usilibishie, jibu kwamba ni ushauri wa kliniki kwa ajili ya presha, kwa sababu presha ni ugonjwa ambao kila ukoo unaufahamu na hakuna atakayeupinga. Mtori nao upokee, ule nusu bakuli taratibu, kisha shika kikombe cha maji mkononi, maana mkono mtupu ndio unaojaziwa.

Huenda njaa yako sasa ni kali kuliko ya mwezi wa saba, na umedhani ni udhaifu. Mwaka 2011 Priya Sumithran na wenzake wa Melbourne waliwafuatilia watu 50 waliopunguza uzito kwa mlo mkali, na mwaka mmoja baadaye homoni za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa: grelini, inayoleta hamu ya kula, ilibaki juu, na leptini, inayouambia ubongo kwamba akiba ipo, ilibaki chini. Njaa hiyo ina sababu ya kimwili, na dawa yake ya kwanza ni chakula kinachoshibisha: maharage, dagaa, mayai, na mchicha au mnafu unaojaza nusu ya sahani. Kuruka mlo ili kufidia Krismasi ndiyo njia ya haraka ya kuvunja utaratibu tena jioni.

Kwa siku kumi na nne zijazo, basi, usifanye lolote la kishujaa. Rudia mlo wako wa Novemba kama ulivyokuwa na matembezi yako ya alfajiri, na upime mara moja kwa wiki kwenye mizani ile ile ya zahanati, asubuhi, kabla ya kula. Maji mengi yatakuwa yametoka. Namba utakayoipata siku ya kumi na nne ndiyo mwanzo wako halisi. Ikiwa 86 au 87, usishangae. Kuanzia hapo punguza kile kijiko kimoja cha mafuta kwa siku na ongeza mazoezi ya misuli, kwa mfano kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi, mizunguko mitatu, wakati duka halina wateja. Andika pia mapema utakachofanya kikwazo kikija, kwa umbo la "ikiwa hivi, basi vile". Masika ya Machi yatakufungia matembezi; andika sasa: ikiwa mvua inanyesha alfajiri, basi nitatembea dakika 30 saa kumi na moja jioni au nitafanya mazoezi ndani. Kikao cha harusi nacho kiandikie chake.

Ukitaka kujua kama yote yamepotea, hata ukiiamini mizani ya stendi bado uko chini ya ulipoanzia kwa zaidi ya asilimia 5. Presha ya 132 kwa 84 imetokana na dawa na uzito kwa pamoja, na siwezi kuzitenganisha, lakini kupungua kwa kiwango hicho kwa kawaida huanza kuonekana kwenye presha na kwenye sukari.

Chai ya jirani usiitumie. Nyingi ya chai hizo huwa na sanamaki, ambayo huharisha. Mizani inashuka kwa sababu umepoteza maji na choo, na mafuta hayaguswi. Kwako kuna sababu ya pili. Baadhi ya dawa za presha hutoa maji kupitia mkojo pamoja na madini ya potasiamu, na kuharisha hutoa potasiamu hiyo hiyo, hali ambayo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Hukuniandikia jina la dawa yako, kwa hiyo nenda na pakiti yake kliniki na umwonyeshe daktari. Mwambie pia kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango au dawa nyingine inayoweza kuongeza uzito. Miguu ikivimba au ukikosa pumzi uzito unapopanda ghafla, usisubiri tarehe ya kliniki. Na uzito utakapoanza kushuka tena, ukaona kizunguzungu unapoinuka kitandani, mweleze daktari, maana huenda kipimo cha dawa ulichopewa ukiwa na kilo 94 kimekuwa kikubwa mno kwako, na yeye ndiye mwenye ruhusa ya kukipunguza.