Kulala kwenye boti na kupiga mbizi Pemba: majibu kwa wasomaji wa Goma

Kikundi kimoja cha marafiki wa hapa Goma kinachanga pesa za kwenda Pemba, kisiwa cha Zanzibar: usiku tatu ndani ya boti, kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa mara mbili au tatu kwa siku, na usiku mmoja kuzama gizani kwa tochi. Tangu habari isambae, maswali yamezidi nafasi za boti yenyewe. Nimechagua machache, nikayafupisha, na majina nimeyaacha.

Ziwa tunalo mlangoni. Kwa nini tupeleke dola zetu Pemba? (Kijana, Katindo)

Ukitaja kupiga mbizi Ziwa Kivu, watu wote wanakimbilia gesi. Ni kweli ipo, tena nyingi: takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zote zimeyeyuka majini. Lakini sehemu kubwa imelala chini ya mita 250 hivi, na uzito wa maji yaliyo juu ndio unaoizuia isipande. Mzamiaji wa kawaida hafiki hata mita 40. Ghuba ya Kabuno ni habari nyingine: pale maji yenye gesi yanaanza mita 11 hivi kutoka juu, na mimi siingii hata nikibembelezwa. Mazuku ya nchi kavu, yale mashimo ya gesi inayoua, hamhitaji niwafundishe.

Kinachonizuia hasa ni mwinuko. Uso wa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu inasukuma mwili kwa nguvu ya asilimia 84 hivi ya ile ya pwani. Majedwali yanayomwambia mzamiaji akae chini dakika ngapi yametungwa kwa ajili ya bahari. Ukipita mwinuko wa mita 300, lazima yarekebishwe, na mtu anayejifunza hana haja ya kuanzia kwenye hesabu hiyo. Na baada ya taabu yote hiyo utaona nini? Mawe meusi ya volkano na samaki wa aina chache. Hata sambaza wetu ni wageni, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kivu itumie kuogelea na kujenga pumzi. Matumbawe yafuate kwenye chumvi.

Binti yangu ana miaka 19. Hajui sana kuogelea, lakini wenzake wanasema jaketi litambeba. Nimruhusu? (Mama, Himbi)

Mama, ahsante kwa kuuliza kabla ya kulipa. Wenzake wanamdanganya, labda bila kujua. Jaketi la mzamiaji linajazwa hewa na kutolewa hewa na mwenyewe, halimwokoi mtu asiyejua maji. Katika kozi ya kwanza ya PADI, shirika la kufundisha wazamiaji, mwanafunzi anaogelea mita 200 bila kusimama, kisha anaelea dakika 10 bila kushika kitu. Akifaulu kozi nzima anaruhusiwa kushuka mpaka mita 18. Kwa binti yako, miezi miwili ya kuogelea na mtu anayejua kufundisha, asubuhi kabla ziwa halijaanza kuchafuka, itamfaa kuliko tiketi. Boti ya kulala siyo darasa la kwanza: uko mbali na ufuko, na ukishikwa na woga usiku huna pa kurudi.

Kuhusu malazi, dai uandikiwe nani analala chumba kipi. Boti nyingi zina vyumba vya watu wawili wawili, na nafasi ikibanwa wanachanganya watu wasiojuana. Kumuuliza kiongozi wa kikundi jambo hilo siyo ushamba.

Vumbi la Goma limeniachia mafua yasiyokwisha. Nikifika baharini nitapata nafuu? (Motari, Ndosho)

Pengine, ila usishuke mpaka pua ifunguke. Kutoka juu hadi mita 10, shinikizo linaongezeka maradufu, na masikio ndiyo ya kwanza kulipa. Namna ya kuyasaidia: bana pua kwa vidole viwili, funga mdomo, puliza polepole kuelekea puani hadi usikie masikio yote mawili yakipasua kidogo. Anza ukiwa bado juu ya maji, rudia kila unaposhuka kama mita moja, na usingoje maumivu. Yakija, panda mita moja, jaribu tena. Yakikataa, rudi botini. Mwenye mafua akipuliza kwa nguvu anaweza kupasua ngoma ya sikio. Wala usimeze dawa ya kufungua pua ili tu ushuke: ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa inanaswa kichwani wakati wa kupanda.

Mtapewa pia fomu ya afya. Pumu, kifafa, moyo, upasuaji wa kifua, ujauzito: vyote viandikwe bila kuficha, daktari aamue. Na kwa kuwa tunateremka pwani wengi watataka kinga ya malaria, mwambie daktari kwamba unapiga mbizi. Mefloquine haiwafai wazamiaji, maana kizunguzungu na wasiwasi unaoweza kuleta vinafanana na dalili za ajali ya chini ya maji.

Kwenye boti ya Bukavu natapika kabla hatujafika Idjwi. Nitaweza usiku tatu? (Mwalimu, Kyeshero)

Utaweza ukijiandaa. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya boti kuondoka, siyo ukishaanza kutema mate. Ijaribu nyumbani kwanza, kwa sababu nyingine zinaleta usingizi mzito, na mzamiaji mwenye usingizi ni hatari. Omba kitanda cha katikati ya boti, kinayumba kidogo kuliko cha mbele. Kula chakula kidogo, kikavu. Ukijisikia vibaya toka nje, tazama mstari wa mwisho wa bahari, na simu iache.

La muhimu zaidi ni tarehe. Kusi inavuma kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, na masika hunyesha Machi hadi Mei. Oktoba na Novemba, kabla kaskazi haijashika, ndipo bahari ya Pemba inapotulia. Kiongozi akiwaletea bei nzuri ya Julai, mwulize upepo umo katika bei?

Tuko 12 na wamenipa uongozi. Nimuulize nini mwenye boti kabla ya kutuma pesa? (Mkubwa wa kikundi, Les Volcans)

Yaya, hapa nitakaa kidogo.

Anza na usiku. Tarehe 2 Septemba 2019, boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliungua karibu na kisiwa cha Santa Cruz huko California. Watu 34 walikufa. Walikuwa wamelala chumba cha chini; mabaharia watano waliokuwa juu walinusurika. Wachunguzi walikuta hapakuwa na mtu wa zamu anayezunguka boti usiku, na njia zote mbili za kutoka chini zilifikia chumba kilekile kilichokuwa kinawaka moto. Kwa hiyo uliza hivi, neno kwa neno: nani yuko macho saa nane za usiku? Kutoka kitandani kuna njia ngapi, na zinatokea wapi? Betri za tochi na simu zinachajiwa wapi? Zisichajiwe usiku pasipo mtu, wala pale watu wanapolala. Siku ya kwanza, kabla ya chakula, kila mmoja wenu apite njia ya dharura kwa miguu yake, na wale wanene watangulie.

Pili, idadi. Hatujasahau bandari yetu ya Kituku, 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilivyopinduka gati likiwa linaonekana. Chombo kilikuwa kimezidishwa watu. Uliza boti imeruhusiwa kubeba wangapi, pamoja na mabaharia, na uombe picha ya cheti. Majaketi ya kujiokoa yawe ya kila mtu na yafikike bila kufungua kufuli. Tumeona hapa kwetu majile yaliyofungwa kamba darini kama mapambo.

Tatu, kuhesabu watu. Mwaka 1998 wanandoa wa Marekani waliachwa baharini huko Australia kwa sababu boti iliondoka bila wao, na siku mbili zikapita kabla mtu hajashtuka. Hesabu ya vichwa haitoshi. Mtu anaruka tena majini baada ya kuhesabiwa. Dai orodha ya majina, kila mmoja aitike mwenyewe, kila baada ya mbizi. Usiku kila mzamiaji awe na tochi mbili, na taa ndogo ifungwe kwenye mtungi.

Nne, oksijeni safi iwepo botini, na nahodha akutajie chemba ya shinikizo ya kutibu wazamiaji iliyo karibu, akiwa amepiga simu wiki hiyo kujua kama inafanya kazi. Bima ya wageni ambayo Zanzibar imeifanya ya lazima tangu 1 Oktoba 2024 usiitegemee kwa ajali ya mbizi. Tafuta ya wazamiaji, kama ile ya DAN, shirika la usalama wa wazamiaji. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, kila mtu awe nayo.

Pesa zitume kwa awamu, na masharti ya kurudishiwa yaandikwe, hasa upepo ukiwazuia kutoka. Mkichanga kwa njia ya likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, msimpe zamu ya kwanza mtu asiyekuwa na pasipoti. Na dola zenu zikaguliwe hapa hapa: noti iliyochanika pembeni ambayo wabadilishaji wa Birere wameikataa, Pemba nako hawataipenda.

Wanasema usipande ndege baada ya kupiga mbizi. Mimi narudi na basi, hiyo sheria hainihusu, siyo? (Mfanyabiashara, Virunga)

Inakuhusu, na sisi wa Goma inatuhusu kuliko watu wa Dar es Salaam. Ndiyo maana sehemu ya safari ninayoihofia zaidi ni kurudi nyumbani.

Chini ya maji, unavuta hewa yenye shinikizo, na nitrojeni inayeyuka katika damu na nyama. Mwili wako unakuwa Kivu ndogo: gesi imetulia kwa sababu inabanwa. Kule Karongi, Rwanda, mtambo wa umeme wa KivuWatt unavuta maji ya chini kupitia bomba, na yakikaribia juu gesi inatoka yenyewe mapovu mapovu. Wao wanataka hivyo. Wewe hutaki hivyo ndani ya goti au uti wa mgongo wako. Ukipanda polepole na kungoja, nitrojeni inatoka kwa pumzi bila kelele.

Maelekezo ya wazamiaji ni haya: mbizi moja tu, ngoja angalau saa 12, mbizi nyingi kwa siku kadhaa, angalau saa 18. Waalimu wengi wanasema 24, na mimi nawafuata. Hewa ndani ya ndege kubwa inaweza kuwa sawa na ya mlima wa mita 2,400. Sasa tazama njia yetu. Kigali ni mita 1,500 hivi. Kutoka hapo kwenda Gisenyi kupitia Musanze, barabara inapanda zaidi ya mita 2,000. Mwili hausomi tiketi. Basi na ndege kwake ni mlima tu. Ukichukua basi kutoka Dar, kabla ya siku kuisha utakuwa Singida, ambako nako ni mita 1,500 hivi.

Basi pangeni hivi. Mbizi ya mwisho iwe Jumamosi saa nne asubuhi. Saa 18 zinatimia saa kumi alfajiri ya Jumapili, 24 zinatimia saa nne. Kutoka Pemba msipande kile kindege kidogo, hata kama kinaruka chini. Chukueni feri, maana baharini mwinuko ni sifuri na saa zinaendelea kuhesabika mkiwa safarini. Laleni usawa wa pwani. Jumapili mchana ndipo mpande ndege au Jumatatu alfajiri basi.

Ukifika Goma ukaona kiungo kinauma bila sababu, ngozi inawasha, vidole vinakufa ganzi au uchovu si wa kawaida, usianze na dawa ya malaria. Mwambie daktari maneno haya: nilipiga mbizi juzi kwa mtungi. Asipoambiwa hatawaza hilo, na hana kosa. Oksijeni ndiyo msaada wa kwanza.

Nibebe nini, na pombe inaruhusiwa? (Mwanafunzi, Mabanga)

Mfuko laini, siyo sanduku. Botini sanduku halina pa kukaa. Koti la upepo, kwa sababu mtu aliyelowa husikia baridi hata Pemba. Kofia, mafuta ya jua, nguo za heshima za kushukia vijijini, maana Pemba ni ya Waislamu. Unga wa bugali uache, utakula wali na samaki na hutalalamika. Bia, subiri mpaka mbizi za siku ziishe, na usiku wa kuzama usiguse. Pombe inakausha mwili, na mwili mkavu hautoi nitrojeni vizuri.

Likelemba imenifikia lakini sipigi mbizi wala sina mpango. Naweza kwenda nao? (Mama muuza vitenge, Majengo)

Nenda, Mama. Misali, kisiwa kilichohifadhiwa tangu 1998, kina matumbawe unayoweza kuyatazama ukiwa juu ya maji kwa miwani na mrija, umevaa jile, na kasa hutaga mayai kwenye mchanga wake. Wenzako wakiwa chini, boti yote ni yako. Ila bei yako iwe ndogo kuliko ya wazamiaji. Usipoiulizia, watakutoza mitungi ambayo hutaigusa.